Mwaka Huu Nachagua Mimi

Newark, Nottinghamshire
14 Januari 1986

Wifi yangu Muriel,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Mabomba ya jikoni yaliganda siku mbili, nikawa nayeyusha theluji kwenye sufuria ili nipate chai, lakini mzima niko. Rosalind alikuja Krismasi kutoka Leeds, amekonda kwa zamu za wodini, nikamlisha pai mpaka akaomba amani. Anamsalimu shangazi yake na bibi yake. Na huko Tasmania mnaendeleaje na joto? Mama anakula? Na shemeji Wilf, lile goti limepona, au bado ndilo kisingizio cha kutokata nyasi?

Shada mliloagiza lilifika asubuhi ya maziko ya kaka yako Clive, na lilikuwa zuri kuliko yote. Nimechelewa kushukuru. Miezi hii mitatu kila nikishika kalamu naiweka chini tena.

Sasa nije kwenye jambo. Barua za maonyesho ya mwaka zimeanza kuingia, zote zimeandikwa jina la Bwana C. Beddoes. Wewe ulizoea kutucheka kwamba wanaume wazima wanaendesha gari maili mia kwenda kununua askari wa madini ya risasi wenye urefu wa kidole gumba, ili wakapigane tena vita vya Napoleon juu ya meza ya chakula. Cheka tu. Ndio waliotulisha miaka kumi na tisa. Na kila Januari Clive alikuwa akizitandaza barua hizi mezani, tunachagua pamoja tukauze wapi.

Mwaka huu nachagua mimi. Gari limechoka na mimi sijambo kidogo tu kuliko gari, kwa hiyo nitakwenda matatu, hayazidi. Doncaster, mwezi Machi, ni karibu na wanunuzi wake wanajua wanachotaka. Durham siendi, kule watu wanakuja kucheza, wanashikashika askari kwa mikono yenye mafuta ya chipsi, kisha wanakwambia "nitarudi." Bristol nitajaribu vuli. Shida ni Juni. London na Kendal zimeangukia Jumamosi moja, tarehe saba. London ni London, watu elfu sita. Clive alikuwa anasema muuzaji asiyefika London afunge duka. Kendal ni ukumbi wa shule wenye paa linalovuja. Lakini barua ya Kendal ndiyo pekee iliyoandikwa "Bi Hester Beddoes."

Wiki iliyopita walikuja watu watatu wa kile kilabu cha Clive cha wacheza vita na keki ya tangawizi.

"Uza zile kalibu za kumiminia askari, Hester," akaniambia yule mnene. "Kusimama nyuma ya meza si kazi ya mjane."

"Kwa nini?"

Wote watatu wakaitazama keki.

Basi nimekwambia. Sikuombi ruhusa, nakupa habari.

Wifi yako,
Hester


Launceston, Tasmania
11 Februari 1986

Hester mpendwa,

Barua yako imetufikia tukiwa kwenye joto ambalo hata mbwa hataki kutoka chini ya veranda. Wilf anasema goti lake halijadiliwi na watu wa Nottinghamshire. Mama amefikisha miaka themanini na tisa Jumapili. Tulimkatia keki, akauliza mbona Clive hajapiga simu. Nikamkumbusha. Akasema ndiyo, ndiyo, nimekumbuka. Sijui nimeandika haya kwa nini.

Hester, sikiliza. Mimi ni dada yake na nitasema kama dada. Hao wanaume watatu wamekosea namna ya kusema, lakini wamesema kweli. Utasimama pale peke yako kutwa nzima, watu wanakupa pole kwa midomo huku wanapunguza bei kwa macho. Kwa faida gani?

Lionel Purslow ameniandikia. Unamjua, rafiki wa Clive mwenye kampuni kubwa ya askari wa risasi London. Ameandika barua ya heshima sana, kurasa nne. Yuko tayari kuzichukua kalibu zote na kuendelea kuwatoa askari kwa jina la Clive, ili jina lisife. Na watu wa maonyesho ya London wameanzisha tuzo: Ngao ya Clive Beddoes, kwa mchongaji bora wa mwaka. Wanataka uipokee wewe mwaka huu kwa niaba yake, mbele ya watu wote. Fikiria! Kaka yangu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Nenda London mara moja, uage vizuri, umpe Lionel zile kalibu, urudi nyumbani upumzike. Kendal achana nayo. Mambo ya ukumbi unaovuja!

Askari wale ndio mikono ya kaka yangu, Hester. Wakae mahali watakapotunzwa.

Muriel


Newark
18 Machi 1986

Wifi,

Heri ya kuzaliwa kwa Mama, nimechelewa. Mpe busu langu shavuni. Huku theluji imekwisha, sasa ni matope. Rosalind amepata mchumba, fundi wa mashine za X-ray, kijana anayekula kimya. Nampenda tayari.

Nilikwenda Doncaster Jumamosi. Nilipakia gari mwenyewe, masanduku kumi na moja, na nikafika kabla ya mlinzi mwenye funguo. Nikatandika kitambaa cha kijani, nikapanga askari kwa majeshi, nikakaa.

Mteja wa kwanza alikuwa na ndevu na mkoba. Akachukua pakiti, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Umemkuta."

"Hapana, namaanisha mtu anayejua. Nataka kuuliza kuhusu sare."

"Uliza."

Akacheka kama mtu aliyeombwa acheze na mtoto. "Hawa wapiga risasi wa Hanover. Mmewapa pindo za mikono za mwaka 1813, na pakiti imeandikwa 1809."

"Pindo zilibadilishwa kwenye amri ya 1812, lakini kikosi hiki hakikupata nguo mpya mpaka masika ya mwaka uliofuata. Pindo za 1809 zina vifungo viwili. Hesabu."

Akahesabu. Akavua miwani, akahesabu tena.

"Viwili," akasema.

"Basi lipa au pisha mwenzako."

Alinunua pakiti sita. Jirani yangu wa meza, mzee mmoja anayeuza vitabu vya vita vilivyochakaa, alicheka mpaka akamwaga chai juu ya kitabu cha Waterloo. Mpaka saa tisa nilikuwa nimebakiwa na masanduku manne. Unaniuliza faida gani. Faida yake ni hiyo.

Kuhusu Lionel. Watu wa London wameniandikia pia. Kumbe meza yetu ya miaka yote, ile ya karibu na mlango, wamempa yeye. Mimi wamenipa nusu meza nyuma ya kibanda chake, ukutani, karibu na vyoo, "kwa heshima ya marehemu." Kwa hiyo nimechagua. Tarehe saba Juni nitakuwa Kendal.

Umeandika kuhusu mikono ya kaka yako. Hilo sitalijibu leo.

Hester


Launceston
8 Aprili 1986

Hester,

Sisi wazima. Mvua imeanza. Hongera kwa Rosalind.

Sitaandika mengi. Rosalind amenipigia simu kunipa habari za mchumba, na katika maneno akasema mama yake anachonga jeshi jipya. Nikamuuliza, mama yako? Akabadili mazungumzo akaanza kuuliza hali ya hewa. Sijui ni nini hiki mnachokipika. Umeanza kuiga kazi ya mume wako na kuiuza kwa jina lake? Au unataka kusema nini?

Nikwambie jambo kabla hujasema lolote kwa mtu yeyote. Dirishani mwa Mama wamesimama askari kumi na tisa, wale aliokuwa akimtumia Clive mmoja mmoja kila siku yake ya kuzaliwa. Macho yake hayaoni tena, anawasoma kwa vidole. Kila asubuhi anawapitia, kofia, uso, bunduki, na kila asubuhi anasema, "Mikono ya Clive hii." Halafu ndipo anapokubali kunywa uji.

Nimemwambia Lionel kwamba utakwenda London na utaipokea ngao. Nimempa neno langu. Kaka yangu nimemzika kwa simu, Hester, maili elfu kumi, sikutupa hata udongo. Usimuue mara ya pili.

Muriel


Newark
27 Aprili 1986

Wifi Muriel,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Salamu kwanza, kwa sababu hatujawa washenzi bado. Sisi wazima, kijana wa Rosalind amenitengenezea bomba la jikoni, na harusi ni Septemba.

Umempa Lionel neno lako. Neno ni lako, wala si langu. Na sasa nitakwambia kile ambacho Rosalind alikaribia kukisema.

Mwaka 1966 Clive alirudi kutoka kilabuni amejaa moto: atachonga askari wake mwenyewe, atawamimina, atawauza. Alinunua vifaa, akakaa wiki tatu. Alichokipata kilikuwa kama chupa iliyovaa kofia. Mimi wakati ule nilikuwa kiwandani Derby, nachora maua kwenye vikombe, vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea vitu vidogo. Siku moja, yeye yuko kazini, nikachukua waya, lehemu na pini ya kofia, nikatengeneza mpiga ngoma. Nilifanya kwa mchezo tu. Clive alipomwona alimpeleka karibu na taa akamgeuzageuza. Jumatano akamchukua kwenda kumwonyesha watu wa kilabu. Akarudi ananiambia, "Hester, wamenishika mabega. Wamesema, Clive, una mikono wewe!"

"Ukasema nini?"

"Nikasema asante."

Tulicheka, Muriel. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Akasema kwa sasa tuache hivyo hivyo, hawatanunua kwa mwanamke, wale hawaruhusu hata mke kupita chumba wanachochezea. Tukasema kwa sasa. "Kwa sasa" ikawa miaka kumi na tisa.

Usije ukadhani namchafua. Kaka yako alisoma kila kitabu cha sare kilichowahi kuchapwa. Mimi nikichonga yeye ananisomea vifungo na kola. Alimimina risasi, aliungua mikono, alipakia, aliendesha, alipiga soga na wateja mpaka wakasahau kuuliza bei. Bila yeye kusingekuwa na biashara. Lakini chombo cha kuchongea hakukigusa tena tangu ile chupa yenye kofia. Kila uso, kila farasi, kila mkunjo ni wangu.

Miaka miwili iliyopita walimpa kikombe cha fedha, huko huko London. Akapanda jukwaani akasema, "Na namshukuru mke wangu, anayenipikia chai." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka. Njiani hatukusemezana, wala siku mbili zilizofuata. Siku ya tatu akaniwekea kikombe kile dirishani karibu na taa yangu. Alijua. Alikuwa mtu mwema ambaye hakuweza kurudi nyuma.

Mama mwachie askari wake. Sikuombi umwambie lolote, na mimi sitamwambia. Mzee wa miaka themanini na tisa hana deni na ukweli wangu. Ila elfu sita wa London si mama yangu mkwe.

Jambo la mwisho. Nilijisifu kwako kwamba nimechagua Kendal. Nimelala juu ya hilo nikaona nilikuwa najificha. Nilichagua ukumbi mdogo ili nisimame pale bila mtu kuniuliza. Kwa hiyo nimempigia katibu wa Kendal, mama mmoja anaitwa Bi Dorothea Aske, nikamwomba radhi. Akasema, "Nenda, binti. Meza yako itakusubiri mwakani, pamoja na ndoo ya kukingia maji."

Nakwenda London kama ulivyomwahidi Lionel. Nitapanda jukwaani. Nitakachosema huko hukumwahidi.

Wifi yako, ukitaka usitake,
Hester


Newark
10 Juni 1986

Muriel,

Wiki sita hujajibu. Postamani ameanza kuniambia "hakuna" kabla sijafungua mlango. Natumaini Mama hajaugua. Kama ameugua niambie hata kwa mstari mmoja, hasira zako ziweke kando ya mstari huo.

Ulimpa Lionel neno lako, kwa hiyo una haki ya kujua lilivyokwisha.

Nusu meza yangu ilikuwa kweli karibu na vyoo. Mlango ukifunguliwa upepo unawaangusha wapanda farasi. Nikaandika karatasi kubwa kwa mkono: HESTER BEDDOES, MCHONGAJI. Nikaibandika ukutani. Watu walipita wakaisoma wakadhani nimekosea kuandika.

Saa tisa Lionel akapanda jukwaani na kipaza sauti. Amenenepa. Alisema vizuri, sina budi kukiri, alimsifu Clive mpaka machozi yakanilenga. Kisha akasema, "Na sasa, mjane wa rafiki yetu." Nikapanda. Ngao ilikuwa nzito na imesuguliwa vizuri.

Nikasema hivi, maana nilikuwa nimejifunza kwenye gari njia nzima: "Asanteni kwa kumkumbuka Clive. Alikuwa mume mwema, na alijua sare kuliko nyinyi wote humu ndani. Aliwamimina askari mliowanunua. Kuwachonga niliwachonga mimi, wote, tangu 1966. Ngao ya mchongaji yenye jina lake siwezi kuipokea. Ingekuwa uongo wa pili, na wa kwanza umeshanichosha."

Nikaiweka juu ya kiti.

Mtu huko nyuma akacheka, halafu mwingine akapiga kelele, "Muogope Mungu, mama, mtu hajamaliza mwaka!" Lionel akachukua kipaza sauti, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya mchungaji, "Ni huzuni, jamani. Ni huzuni tu. Tumwelewe."

Muriel, kuitwa mwongo nilijiandaa. Kuhurumiwa sikujiandaa. Nilitoa mkono wake begani kwangu kama mtu anayetoa kiwavi, nikashuka.

Nusu saa hakuja mtu mezani. Mmoja alikuja, akarudisha kikosi kizima cha farasi. "Nilinunua kazi ya Clive," akasema. Nikampa pesa zake, nikachukua farasi wangu. Siku ikiniharibikia dawa yangu ni moja. Nikatoa udongo wangu wa kijani, ule unaokauka kama jiwe, nikatoa pini, nikaendelea na sanamu ya mchuuzi mwanamke aliyefuata jeshi, niliyotoka nayo nyumbani bila mikono. Sikufanya ili nimwonyeshe mtu. Sikuwa na kazi nyingine.

Baada ya muda nikaona viatu mbele ya meza. Alikuwa Bwana Gorringe, dereva wa basi wa Luton, ananunua kwetu tangu 1972. Hakunisalimu. Aliinama akatazama pini yangu ikipita kwenye kiwiko.

"Mitatu," akasema.

"Nini mitatu?"

"Mikunjo. Kwenye kiwiko. Mitatu, na wa katikati mrefu." Akasimama wima, uso mwekundu. "Nimepaka rangi elfu nne wa hawa, bibie. Mke wangu nimeshasahau rangi ya macho yake, mikunjo hii sijaisahau." Kisha akageuka, akapaza sauti ile ya kuambia abiria wasogee nyuma: "Nyie! Njooni mtazame hapa! Njooni muone mikunjo!"

Walikuja. Si wote. Kwanza kumi, kisha wakaziba njia ya vyooni mpaka msimamizi akalalamika. Hakuna aliyeomba radhi, wanaume hawa hawana desturi hiyo, lakini yule wa Doncaster mwenye ndevu alikuwepo, akaniuliza kwa adabu kabisa kama mchuuzi yule angevaa kanzu ya bluu au ya kijivu. Nikamwambia angevaa alichokiokota. Nikamaliza mikono miwili, na jeshi langu jipya likanunuliwa lote.

Lionel hakunisogelea. Kalibu ziko kwenye rafu zangu, na hapo ndipo zitakapokaa. Jana imekuja barua ya watu wa London: mwakani huenda wasiwe na nafasi. Sawa. Nafasi ya kuwa karibu na vyoo vyao sitaililia.

Sijamuua Clive. Alivyokuwa nimemwacha vilevile, nimechukua tu kilicho changu.

Niandikie kuhusu Mama.

Hester


Launceston
26 Agosti 1986

Hester,

Mama hajambo. Alipata homa ya kifua Juni ikapita. Wilf amepasuliwa goti hatimaye, anatembea na mkongojo na analalamika kwa lugha ambayo sikujua anaijua. Rosalind ametuma kadi ya harusi. Hatutaweza kuja, tumetuma mablanketi ya sufu.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi. Nilichana barua tano. Nakwambia ili ujue.

Unakumbuka kwamba wateja wenu wa huku vifurushi vyao vinapitia kwangu. Hao wana kilabu mjini Hobart, hukuhuku Tasmania, na mwaka huu wameanzisha maonyesho yao ya kwanza. Waliniomba niweke meza ya askari waliobaki kwenye sanduku la mwisho, na niseme maneno machache kuhusu kaka yangu. Nilikubali siku ile ile barua yako ya Juni ilipofika. Nilikubali kwa ajili ya barua yako, kusema kweli. Nikajiambia, kama kwao wamemvua nguo, huku nitamvika. Nikaandika hotuba ya kurasa tatu.

Ilikuwa tarehe kumi na sita, ukumbi wa kanisa, watu kama mia na themanini, pai za kondoo na chai ya birika kubwa. Nikapanga askari. Kabla ya hotuba akaja mpima ardhi mmoja, Dougal Trembath, mtu mrefu, mpole. Akasema, "Mama, nimekuwa nikijiuliza miaka. Kaka yako alikuwa anafanyaje nyuso? Anatumia sindano au kisu? Anaanza na pua?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Nilikaa kwenu Newark wiki sita mwaka 1971, Hester. Nikawa natafuta kichwani: Clive ameshika sindano. Clive ameinamia uso wa askari. Nikamwona Clive kwenye kiti cha mkono na kitabu kimefunguka, anasoma kwa sauti, vifungo, kola, manyoya ya kofia. Na mwisho wa meza ya jikoni nikakuona wewe, taa imeshushwa mpaka karibu na pua, umeuma mdomo wa chini, umeshika pini. Kila siku baada ya chai. Wiki sita. Nilikuona kwa macho yangu haya, na nikajiambia, tazama mke mwema, anamsafishia mumewe kazi zake.

Yule mtu bado anasubiri.

"Si kaka yangu," nikasema. "Ni wifi yangu. Na anaanza na nyusi. Anatumia pini ya kofia, na akikosea anaita jina la Bwana bure."

Akatoa daftari akaandika. Wakaja wengine. Kila walichouliza nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimekutazama zaidi kuliko nilivyojua. Hotuba sikuisoma. Nilisimama nikawaambia kwamba Clive Beddoes alikuwa msomaji hodari na mtu mcheshi, na hawa amewachonga Hester Beddoes wa Newark, na anayetaka kubisha na aje abishe na mimi, niko mezani. Hakuja mtu. Mmoja alisogea nikamtazama, akanunua kikosi cha mizinga.

Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Bado nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na yeye, na yeye siwezi kumwandikia. Alinidanganya mimi dada yake miaka kumi na tisa, ana uso huo huo wa kitoto. Mama sijamwambia wala sitamwambia. Anawapitia asubuhi anasema mikono ya Clive, nami naitikia ndiyo Mama. Hapo tumekubaliana.

Askari wameisha. Hata wale waliovunjika singe za bunduki wamechukuliwa. Wanaulizia huyo mchuuzi wako mwanamke, na wanataka farasi. Tuma masanduku mawili kwa meli, na juu ya pakiti uandike jina lako lote, si herufi moja ya mwanzo kama mtu anayejificha polisi.

Mwakani nenda Kendal, nenda Doncaster, nenda utakako, sitakupangia tena. Lakini tarehe kumi na nne Machi wanarudia hapa Hobart, na nimeshatulipia meza, mimi na wewe, karibu na mlango. Tarehe hiyo usimpe mtu mwingine. Hiyo ni yangu.

Muriel